Ukimya wa Jirani wa Juu

Jumatatu, 3 Machi

Muhula umeanza leo, na mvua nayo haikutaka kupitwa. Paa la chumba cha semina linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, na ndoo iliyowekwa chini yake ni ileile. Mkataba wangu wa baada ya kustaafu unaisha muhula huu. Kama Kitivo kitanipa mwingine au la, nitaambiwa mwezi wa sita. Mke wangu, mkunga mstaafu, amenishauri nisihangaike. Anasema nikikaa nyumbani nitamfundisha falsafa paka, maana paka hana pa kukimbilia.

Ila jambo kubwa la muhula huu si langu, ni la Bi Lakini. Wanafunzi ndio waliompa jina hilo, kwa kuwa haachi sentensi ya mtu ifike mwisho bila kuiwekea "lakini" mlangoni. Nilimsimamia tasnifu yake. Aliacha kazi ya benki ili aje asome, watu wakaona amerukwa na akili, na baadaye akaajiriwa hapa kwa majaribio. Sasa majaribio yanakwisha. Mwezi wa sita Kamati ya Ajira itakaa: ama wamthibitishe kazini, ama aondoke na nafasi yake wapewe wengine. Hakuna njia ya katikati. Kazi za falsafa ni za kutafuta kwa tochi, na mtu aliyekataliwa na chuo kimoja, vyuo vingine humtazama kama tunda lililokwisha kubonyezwa sokoni. Mama yake amehamia kwake, naye hana kwingine pa kwenda.

Kwenye kamati hiyo mimi ni msemaji wa fani. Wajumbe hutoka fani nyingine, hivyo mtu mmoja anayeielewa kazi ya mwombaji huisoma na kuwaeleza. Sina kura. Nimeifanya kazi hiyo miaka mingi.

Jumanne, 4 Machi

Semina ya kwanza. Niliwaeleza wanafunzi wapya desturi yetu: hairuhusiwi kuipiga hoja ya mtu kabla hujaijenga vizuri kuliko alivyoijenga yeye. Unaijenga mpaka mwenyewe aseme, "Ndiyo, hivyo hasa." Hapo ndipo unatafuta mfano mmoja wa kuiangusha. Mmoja akauliza kwa nini umjengee mtu nyumba halafu uibomoe. Bi Lakini akamjibu kwamba ukibomoa kibanda hujui kama una nguvu.

Mhandisi alipita kunywa chai yetu, kama kawaida yake. Tumefahamiana tangu tukiwa na nywele. Aliuliza mwaka huu tumegundua nini, nikamwambia tumegundua kwamba chai yake ni ya bure. Kabla hajaondoka alitaja, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba idara yake ina maabara mpya na haina mtu wa kuiendesha.

Alhamisi, 6 Machi

Niliitwa na Mkuu wa Kitivo. Ni mkemia, mwanamke wa maneno machache, na hutazama idara yetu kama chupa ambayo lebo yake imefutika. Anataka kabla ya kamati nimwandikie kazi ya Bi Lakini "kwa lugha ya mtu wa maabara". Nadhani anatafuta sababu ya kutufunga.

Najaribu hapa kwanza. Bi Lakini anajulikana, hata ng'ambo, kwa dai moja: anayenyamaza hadanganyi, mpaka awe ameulizwa. Kuulizwa kwenyewe kuko kwa namna mbili. Unaweza kuulizwa kwa mdomo, au ukaulizwa na wadhifa wako. Daktari akiona uvimbe akanyamaza, amekudanganya hata kama hukumuuliza, kwa sababu kazi yake ndiyo iliyomuuliza. Lakini abiria uliyeketi naye, akiona shati lako limechanika mgongoni na asiseme kitu, hajakudanganya. Amekuacha tu uaibike. Dai linaonekana dogo. Uzuri wake ni kwamba linachora mstari mahali ambapo watu wengi walikuwa wanapapasa, na tangu alichapishe hakuna aliyeuvuka.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Wanafunzi wachache, viatu vingi vya matope.

Jumanne, 25 Machi

Bi Lakini hakuja semina. Ametuma ujumbe kwamba tumbo limemshika, yeye na mama yake.

Ijumaa, 28 Machi

Amekuja, amekonda usoni, koti linamning'inia. Nilimuuliza daktari amesemaje. Akasema ni maji, kisha akaniomba nifunge mlango.

Anakaa kwenye jengo la ghorofa. Maji hushuka kutoka kwenye tangi la paani na kupita kwanza kwa mama mmoja wa juu yake. Mvua kubwa ikinyesha, maji huingia uchafu, na yule mama huuona kabla ya wengine. Basi huchukua kijiko akagonga bomba mara tatu, na mlio ukashuka mpaka chini. Ukisikia, huchoti. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Hakuna aliyewahi hata kulizungumza. Wiki iliyopita alisafiri kumwona mjukuu wake, bomba likakaa kimya, Bi Lakini na mama yake wakanywa.

Nilimpa pole. Akasema pole ameipokea, ila hakufunga mlango kwa ajili ya pole.

"Yule mama hakutudanganya, maana hakuwepo," alisema. "Lakini tuseme alikuwepo, Mwalimu. Tuseme tulikuwa tumegombana juu ya taka, akaona maji ni machafu, akakiweka kijiko mezani makusudi."

Niliweka kalamu chini.

"Angekuwa ametudanganya," akasema. "Na nani alimuuliza?"

Jumanne, 1 Aprili

Siku nne nimekuwa nikitafuta njia ya kuliokoa dai. Nieleze kwa nini jambo hili linaninyima raha. Mfano kama huo kwetu si hadithi ya kuchangamsha. Dai linalosema "hakuna" linakufa likipata kimoja. Na dai hilo ndilo kazi ya Bi Lakini yote: makala iliyomtoa, sura za kitabu alichokiwasilisha, sifa walizoandika wasomi wa nje walioulizwa na kamati. Vyote vinaning'inia kwenye msumari mmoja.

Leo baada ya semina tulibaki wawili, na ndoo ikidondokewa. Nikamwambia nimepata upenyo: kumshukuru mtu ni namna ya kumwomba arudie. Mlimshukuru, hivyo mlimuuliza. Akasema hawajawahi kumshukuru. Kwenye ngazi hawasalimiani vizuri, na yule mama huwaona wana maringo.

Nikasema basi kumtegemea mtu ni kumuuliza kimyakimya.

"Hapo kila mtu atakuwa amemuuliza kila mtu," akajibu. "Hata jiwe la njiani nitakuwa nimeliuliza kama litanishika nikilikanyaga. Dai likisema hivyo, Mwalimu, halijasema kitu."

Nilicheka, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ni mimi niliyemfundisha kuua hoja kwa namna hiyo. Kicheko hakikudumu.

Ijumaa, 11 Aprili

Mkuu wa Kitivo ameuliza tena maelezo yangu yako wapi. Nimesema yanakuja.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimemshauri Bi Lakini. Naandika nilichosema kama nilivyokisema, ili nisije nikakipamba.

Nilimwambia anyamaze mpaka kamati ipite. Hakuna haraka. Mfano una wiki chache tu. Hajauandika, hajaujaribu mbele ya watu, huenda una kasoro ambayo sote wawili hatujaiona. Akishathibitishwa atakuwa na miaka ya kutosha ya kujisahihisha, na atajisahihisha kwa heshima. Akisema sasa, mbele ya mhandisi na mwanasheria na mtu wa utumishi, hawataona msomi anayejikosoa. Wataona mwombaji anayesema kazi yake si sahihi.

Alikuwa amesimama dirishani, anatazama maji yakipita barabarani na chupa tupu zikielea juu yake.

"Halafu fikiria hili," nikaongeza, na hapa nilijiona mjanja. "Hakuna aliyekuuliza. Kwa dai lako mwenyewe, ukinyamaza hudanganyi mtu."

Akageuka. "Dai hilo ndilo lililokufa, Mwalimu. Unataka maiti anidhamini?"

Niliiacha falsafa. Nikampa jibu la mtu mzima. Nikamwambia, mwanangu, una mama ndani ya nyumba. Falsafa itakungoja, kodi ya nyumba haitangoja. Akaligeukia tena dirisha. Nikajua nimemgusa mahali ambapo hoja haifiki, na mtu akishaguswa hapo huwezi kusema umemshawishi. Umemsukuma.

Alisema atafikiri. Aliondoka bila "lakini" hata moja.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimemsimulia mke wangu. Alikuwa anakunja nguo, hakuziacha. Aliniuliza kama yule binti ndiye aliyekuja kuomba ushauri huo. Nikasema hapana, alikuja kuonyesha mfano.

"Miaka yote umemfundisha kufungua mdomo, Babu," akasema. "Siku ya kuvuka mto ndiyo unamwambia aufunge."

Nilianza kumweleza tofauti kati ya kuficha na kuahirisha. Akanipa shuka nishike upande wa pili.

Jumanne, 22 Aprili

Semina. Bi Lakini alikaa nyuma, hakutoa pingamizi. Mwanafunzi mmoja alikosea hatua ya pili kabisa na akaachwa aendelee.

Jumanne, 29 Aprili

Hivyohivyo.

Jumanne, 6 Mei

Hakuja. Nimemsikia akifundisha kupitia ukutani, sauti ya mtu anayesoma orodha ya dawa.

Alhamisi, 8 Mei

Nimekabidhi maelezo yangu kwa Mkuu wa Kitivo. Ni maelezo mazuri. Kila sentensi iliyomo ni ya kweli; nimezipitia moja moja, kama mtu anayejipapasa mifukoni kuona hajasahau kitu.

Jumanne, 13 Mei

Mkuu wa Kitivo amekwenda kuketi darasani kwa Bi Lakini bila kumjulisha mtu. Nimeambiwa alikaa nyuma kipindi kizima, miguu imelowa, na mwishoni hakusema kitu. Nimekosa usingizi wa mchana kwa ajili hiyo. Mtu anayetaka kukufunga hukagua milango kwanza.

Mhandisi naye alikuja chai. Aliuliza mpango wa Bi Lakini ukoje. Nikamwambia uko vizuri. Akakoroga sukari muda mrefu.

"Nafasi yake sisi tungeipeleka maabara, ndugu yangu," akasema. "Sisi tunajenga vitu watu wanakanyaga."

Nikamwambia sisi tunajenga vitu watu wanasimama juu yake bila kujua. Ilikuwa kauli nzuri, ikanikera mara tu ilipotoka.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua imebomoa ukingo wa mtaro mbele ya Kitivo. Tunapita kwa ubao.

Ijumaa, 30 Mei

Bi Lakini alinisimamisha kwenye ubao huo, watu wakipita kando yetu na miavuli.

"Nitanyamaza," alisema.

Nikamwambia amefanya busara. Akanitazama, akasema hajasema ni busara, amesema atanyamaza. Mama yake amepata shinikizo la damu na ameanza kuulizia kila jioni kama barua ya kazi imetoka. Akanipisha nipite kwanza, kama inavyompasa mtu kumpisha mzee. Nilijisikia nimepigwa.

Alhamisi, 5 Juni

Nimerudi sasa hivi. Nitaandika yote.

Kamati ilikaa kwenye chumba cha mikutano cha Kitivo. Mkuu alikuwa mwenyekiti, na pamoja naye Mhandisi, mwanasheria ambaye huandika kila kitu hata mtu akikohoa, na mtu wa utumishi. Mimi nilikaa mwisho wa meza. Mvua ilipiga bati hata ikabidi tupaze sauti.

Bi Lakini aliwasilisha vizuri. Alijenga dai lake hatua kwa hatua, akatoa mifano ya daktari na ya abiria, akajibu pingamizi tatu za watu wa ng'ambo. Hakutaja bomba wala kijiko. Mtu asiyemjua angedhani ametulia. Mimi nilijua kwamba akitulia hivyo, hayupo.

Kisha Mhandisi akauliza swali. Tuseme, alisema, fundi wake ameona nondo imeliwa na kutu na yeye hakumuuliza. Bi Lakini akajibu kwamba fundi ameulizwa na wadhifa wake.

"Sawa," akasema Mhandisi. "Na rafiki wa fundi, anayepita pale kila siku kwa mapenzi yake akatuambia hili limelegea, lile limelegea? Huyo hana wadhifa. Siku moja asiposema?"

Alikuwa amefika mlangoni mwa mfano wa bomba, akiwa anatania tu. Bi Lakini alifungua mdomo, akanitazama. Mimi nilikuwa nasoma karatasi zangu.

"Ni swali zuri," akasema. "Ninaendelea kulifanyia kazi."

Akaombwa atoke nje.

Ikawa zamu yangu. Nililieleza dai, nikaeleza kwa nini wasomi wa nje wamelisifu, nikaeleza nafasi yake katika fani. Nilieleza vizuri, kueleza ndicho kitu pekee ninachokiweza. Muhula mzima nimeishi nikiogopa swali moja, kwamba Mkuu ataniuliza moja kwa moja kama kazi ina kasoro. Hakuuliza. Nikaanza kupanga karatasi zangu.

Mwanasheria ndiye aliyesita. Alisema wao wote wanne si watu wa falsafa, watajuaje kuwa kazi hii ni imara? Mkuu akavua miwani.

"Mimi nimekaa na mzee huyu kwenye meza hii tangu sijawa Mkuu," alisema. "Hatujawahi kumwomba atuonyeshe nyufa. Huzionyesha mwenyewe, hata za watu anaowapenda. Mwaka ule alimkosoa mtu wa idara yake mpaka tukamwonea huruma. Leo hajaonyesha hata mmoja. Hilo linanitosha kuliko barua za nje." Akaita kura.

Nilielewa nimekaa ghorofa ya ngapi.

Ningependa kuandika kwamba mkono wangu ulinyanyuka papo hapo. Haukunyanyuka. Mwanasheria alisema ndiyo. Mtu wa utumishi akasema ndiyo. Nilizisikia kura hizo mbili zikidondoka, na nilikuwa nikihesabu hoja: kwamba sikuulizwa, kwamba siri si yangu, kwamba nikisema sasa nitakuwa nimemsukuma mtoto wa watu shimoni kisha nikamwangushia jiwe. Zote zilikuwa hoja nzuri. Mkuu akamgeukia Mhandisi, na Mhandisi, kabla ya kusema lake, alinitazama mimi. Hakunitazama kwa kunishuku. Alikuwa anangoja, kama mtu anayesikiliza bomba.

Nikanyanyua mkono. Nilisema naomba mwombaji aitwe tena, kuna jambo ambalo mimi nilimshauri asiwaeleze.

Mwanasheria aliacha kuandika.

Bi Lakini aliingia akidhani ni majibu. Mkuu akamwambia nilichosema, kwa maneno yaleyale, bila kuongeza. Bi Lakini alinitazama jinsi mtu anavyosoma sentensi mara ya pili. Halafu akaenda ubaoni. Alilijenga upya dai lake, imara kuliko mwanzo, kisha akamleta jirani wa juu, kijiko, mabomba, ugomvi wa taka, na kwa dakika chache akaliangusha mbele yao. Mhandisi alijaribu ule upenyo wa shukrani, akaukosa kama nilivyoukosa mimi. Alipomaliza, Mkuu alimuuliza kama ana dai jipya la kuweka mahali pa lile.

"Sina bado," akasema. "Ninalo shimo lenye umbo linaloonekana."

Mkuu akanigeukia. Je, hilo ni kweli? Nikasema ni kweli. Amebomoa, hajajenga, na sijui kama atajenga. Nililisema nikijua linamgharimu. Tukaombwa kutoka wote wawili.

Kwenye ukumbi kulikuwa na benchi moja. Tulikaa na nafasi ya mtu katikati yetu.

"Mhandisi aliponiuliza, nilikuwa nimeshafungua mdomo," alisema bila kunitazama. "Nikakutazama wewe. Ukainamisha macho. Nikaufunga."

Nikamwambia najua.

"Ungeniachia niseme mwenyewe. Umenishauri ninyamaze, nikakuheshimu. Halafu umesema wewe. Sasa ndani mle mimi ni nani?"

Nilianza kueleza. Akainua kiganja, taratibu, kama mtu anayezuia mtoto asivuke barabara, nikaacha. Tulikaa hivyo mpaka tulipoambiwa twende nyumbani, majibu yatatolewa Jumatatu.

Ijumaa, 6 Juni

Sikutoka. Mke wangu hajauliza. Ameniwekea chai kila nilipohamia.

Jumatatu, 9 Juni

Mkuu wa Kitivo aliniita mimi kwanza. Alinipa kiti, akafunga mlango, akaniambia habari mbili bila kuchagua ipi ni nzuri.

Bi Lakini amethibitishwa. Sharti ni moja: achapishe masahihisho yake, na kwenye jarida lilelile. Nilimuuliza kura zilikwendaje. Akasema mwanasheria na mtu wa utumishi walizirudisha kura zao wakataka kuzipiga upya, na mwanasheria akabadilika, akasema haiwezekani kumthibitisha mtu aliyekuja kusimama mbele yao na dai analojua limekufa. Mtu wa utumishi alibaki na ndiyo. Mkuu mwenyewe alisema ndiyo. Ikabaki ya Mhandisi, ambaye akisema hapana zinakuwa mbili kwa mbili, jambo linakwenda kwa uongozi wa chuo, na huko wanataka nafasi iende maabara.

"Unajua alisemaje?" Mkuu aliuliza. "Alisema, kwetu mtu akiona ufa kwenye daraja lake mwenyewe kabla magari hayajapita, tunampa daraja jingine. Aliyemwambia anyamaze ndiye tunayemnyang'anya muhuri."

Hiyo ndiyo habari ya pili. Sitakuwa tena msemaji wa fani, na mkataba wangu hautaongezwa.

Nilimwambia nimeelewa. Nikamwambia pia, kwa kuwa sina tena cha kupoteza, kwamba muhula mzima nilidhani anatafuta njia ya kutufunga. Hakukasirika. Alisema tangu mwaka jana amekuwa akiwazuia watu wa juu wasiichukue nafasi ile, na alikwenda kumsikiliza Bi Lakini darasani ili apate cha kuwaambia. Siku hiyo alisikia mtu amechoka, akarudi na wasiwasi. Hakutaka kunisumbua nao, maana niliandika kwamba kila kitu kiko sawa.

"Sikuandika hivyo," nikasema.

"Hapana," akakubali. "Hukuandika."

Jumanne, 10 Juni

Semina. Sikuhudhuria. Nilipita mlangoni na kusikia sauti ya Bi Lakini ikimkatiza mtu. Niliendelea na safari yangu.

Alhamisi, 12 Juni

Mhandisi amekuja nyumbani, jambo ambalo hajalifanya kwa miaka. Tumekaa barazani. Hatukuzungumzia kamati. Alipoondoka mke wangu alisema yule bwana ana sura ya mtu aliyekuja kuona kama bado napumua. Nikamwambia ndiyo urafiki.

Jumatano, 18 Juni

Nimeanza kufunga vitabu. Mvua imepungua, manyunyu tu.

Jumanne, 24 Juni

Bi Lakini amekuja ofisini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu benchi. Aliniamkia kama kawaida, akaketi juu ya boksi la vitabu kwa kuwa kiti kilikwisha ondoka, akanipa karatasi. Ni rasimu ya masahihisho. Alisema ameileta kwa sababu mimi bado ndiye msomaji mgumu kuliko wote anaowajua, na kwamba hilo lisichukuliwe kuwa jambo jingine.

Nikasoma palepale, kalamu mkononi. Dai jipya limeanza kuonekana: ukimya unadanganya pale ambapo kusema kumekwisha kuwa desturi, na aliyenyamaza anajua kwamba wengine wanaishi kwa desturi hiyo, awe ameulizwa au la. Halijakamilika, ila lina mifupa. Mfano wa kwanza ni jirani wa juu. Nikageuza ukurasa. Mfano wa pili ulianza hivi: "Tuseme kuna mzee ambaye kwenye kamati hutaja kasoro za kila kazi bila kuombwa. Siku moja anaijua kasoro, na ananyamaza."

Niliusoma kama ninavyosoma mfano wowote, nikitafuta penye ulegevu. Nikaupata. Nikamwambia, kwa sauti niliyojitahidi iwe ya semina, kwamba mfano huu una tatizo, kwa sababu mzee anayefanana na huyu, kama yupo, hakunyamaza. Alisema.

"Alisema, Mwalimu," akajibu. "Tanbihi ya kwanza inamshukuru kwa hilo, utaiona chini. Mkuu amenisimulia kikao chote. Lakini mfano hauhitaji anyamaze mpaka mwisho. Muda wa kura mbili unatosha."

Nilirudi mwanzo wa aya. Niliijenga hoja yake vizuri kadiri ya uwezo wangu, nikaongezea hata pale alipokuwa ameruka, kisha nikatafuta pa kuipigia. Alikuwa ananingoja, mikono juu ya magoti, bila haraka. Nikaandika pembeni kwamba hoja imesimama, nikamrudishia karatasi yake.